Alilazimisha Mashine, Sasa Anataka Saini Yangu

Mpendwa mshauri wa redio, nisaidie kabla sijamrukia mtu. Mimi ni kibarua, mwaka wa sita niko mbali na kwetu, shule niliachia darasa la saba, kazi yangu kubeba maboksi ya karatasi kwenye chumba cha kompyuta kuu inayotunza majina ya wagonjwa, ila fundi akiwa likizo bosi hunikalisha niangalie foleni ya kazi za mashine, na fundi aliniambia, "Mjomba, kazi iliyo kwenye foleni futa tu, lakini inayoendelea iombe isimame kisha subiri, ijisafishe yenyewe. Ukiilazimisha inaacha kipande, na kipande husafiri kama kizima." Juzi asubuhi mashine ilikuwa inatoa orodha ya wagonjwa wa kusafishwa damu, ripoti ya bosi ikakwama nyuma yake, bosi akataka orodha ipishe, nikaiomba isimame, ikajikokota, akaja anafoka, "Unaibembeleza kama mkwe? Futa kwa nguvu!" nikamwambia sina ruhusa hiyo, akainama akaingiza neno lake la siri, akasema bonyeza, nikabonyeza. Nusu orodha ikaenda hospitali, mama mmoja akarudishwa mlangoni eti jina halipo. Sasa bosi kaandika karatasi kwamba nilijiamulia mwenyewe, nisaini kabla ya Ijumaa au nifungashe virago. Watoto wanne wananitegemea. Nisaini?

Kibarua wa Maboksi

Kaka Kibarua, usisaini hata nukta! Huyo bosi amenichefua. Mashine huandika nani aliingia na kwa neno la siri la nani. Ufunguo huna, mlango uliufunguaje?

Lakini na wewe nikuseme. Karatasi umeilalamikia weee, yule mama umemtaja mara moja ukapita. Wangapi wengine wamerudishwa? Hujui. Ulijua kipande kimesafiri, ukafunga mdomo. Hilo ni lako, usimtwike bosi. Damu haingoji Ijumaa!

Zima redio sasa hivi, piga simu hospitali, waambie orodha waliyonayo ni nusu. Kisha mpigie fundi, likizo yake baadaye, aitoe upya nzima nzima, na achapishe kumbukumbu za asubuhi ile, nakala moja iende kwa mkubwa wa bosi wako.

Ijumaa akikupa kalamu, ipokee kwa heshima. Mwekee mbele ile karatasi ya mashine, halafu mrudishie kalamu yake: "Bosi, jina lako liko hapa tayari. Imebaki saini tu."