Fomu ya Dada Furaha haikufunguka

Jumamosi. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ukungu umefunika malisho yote.

Nimeiua nafasi ya dada yangu. Sijui kuandika kwa namna nyingine.

Leo saa sita mchana usajili wa shule ya wauguzi ulikuwa unafungwa. Dada Furaha ameingoja shule hiyo miaka miwili, huku akilima maharage na Mama. Usajili ni wa intaneti tu, na hapa kwetu mtandao unashika mahali pamoja: kilimani, penye uzio wa malisho, tena juu. Kwa hiyo tuna desturi yetu. Unaandika anwani ya ukurasa, unabonyeza, unafunga simu kwa kipande cha mpira kwenye ncha ya mwanzi mrefu, unauinua, unahesabu, kisha unaushusha uone kama ukurasa umefika.

Simu ni ya jirani yetu, Mama Riziki. Alhamisi alinipa nisomee. Nilikuwa nimejifunza kwamba kila tovuti ina jina, na simu huuliza kwanza namba ya jina hilo. Huuliza wazi, hata kampuni ya mtandao inaona. Niliogopa mtu angejua kwamba blogu hii, ninayoiandika bila jina, ni yangu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikawasha DNS ya siri, yaani njia ya kuuliza majina inayofunga swali kwa ufunguo. Siku ile anga lilikuwa safi, kurasa zikafunguka vizuri. Nikajiona mwerevu. Sikumwambia mtu.

Leo Kaka Bahati, mchunga ng'ombe, ndiye aliyeinua mwanzi. Akashusha: ukurasa mweupe. Akainua tena.

"Rezo ya leo iko na kiburi kama bibi-arusi," akasema, akimaanisha mtandao. Majirani waliotusindikiza wakacheka.

"Inua muzuri, kaka! Ao mukono imechoka?" Mama Riziki akamtania.

Mara ya tatu nikaelewa. Swali la siri haliendi moja kwa moja. Simu na mtambo unaojibu husalimiana kwanza na kupatana ufunguo, kwenda na kurudi, ndipo jina liulizwe. Mtandao ukiwa mzuri huoni tofauti: wanasalimiana mara moja, na maswali yanayofuata hupita njia hiyo hiyo. Kilimani mtandao hukatika kila wakati, na kila ukikatika salamu zinaanza upya. Mwanzi ulikuwa unashuka kabla jina la shule halijaulizwa.

Ilitosha kuzima kitu kimoja. Ilitosha kusema, "Mama Riziki, unisamehe, niligusa simu yako." Lakini angeuliza kwa nini, na watu wote wangenitazama.

Nilinyamaza mpaka saa sita ikapita.

Ndipo nikaomba simu niifute mvua. Nikawapa mgongo, nikazima DNS ya siri. Kaka Bahati aliinua mara moja tu. Ukurasa ukaja wote na rangi zake, ukisema usajili umefungwa.

Tulipokuwa tunateremka, Dada alinishika mkono.

"Usilie, mudogo wangu. Haiko kosa ya muntu. Niliomba Mungu anionyeshe njia, njo amekatala. Yule mwanaume Papa alinitafutia, nitamuitika."

Jumatatu watu wa yule mwanaume, mchumba aliyetafutwa na Baba, wanakuja kuchukua jibu la posa.

Mungu hakukataa kitu. Ni mimi niliyewasha, na ni mimi niliyenyamaza, na la pili ndilo baya zaidi.

Naandika haya kwenye daftari, nitayahamishia kwenye blogu nikipata simu. Tuko jikoni. Dada yuko upande wa pili wa moto, anachambua maharage na kuimba polepole, kama mtu aliyekwisha kupokea jibu lake. Nikimwambia, labda atanichukia. Labda shule itasikiliza tukienda wenyewe, labda haitasikiliza. Lakini atawezaje kuolewa kwa sababu ya mpangilio wa simu?

Nikingoja kesho, nitakuwa nimepata sababu nyingine ya kunyamaza.

Naweka kalamu chini sasa hivi.