Swali Kuhusu Dalmas

Jumatatu, 5 Oktoba 1987
Mheshimiwa wetu amepeleka swali Bungeni. Mwalimu mkuu, Mzee Absalom, ndiye aliyeniambia, tena nje, karibu na tangi la maji, si ofisini. Linamwuliza Waziri: je, anajua kwamba Dalmas, fundi redio wa Migosi, alichukuliwa nyumbani kwake mwezi wa Mei? Na kama anajua, yuko wapi? Ameomba jibu la maandishi. La mdomo, anasema Mzee, wanaweza kulizungusha mpaka watu wacheke. La maandishi hubaki.

Nilisema asante. Nilitaka kufurahi. Furaha haikuja.

Jumanne, 13 Oktoba
Limechapishwa! Mheshimiwa amenitumia ile karatasi ya shughuli za Bunge. Jina la mume wangu limo, kwa wino wa Serikali. Nililisoma kama jina la mtu nisiyemjua. Jirani yangu Safia alilia. Mimi nilikuwa napepeta mchele, nikaendelea kupepeta.

"Wewe dada, si ulie hata kidogo!"

Sina machozi. Jioni mteja alikuja kuchukua redio yake. Haijatengenezwa, nikamwambia. Akaichukua hivyo hivyo.

Alhamisi, 22 Oktoba
Kimya. Safia anasema kama Dalmas angekuwa amekufa wangejibu haraka, wamalize maneno. Labda. Sijui kama jibu zuri huchelewa kuliko baya.

Ijumaa, 30 Oktoba
Taarifa ya habari ya saa saba. Mheshimiwa ameteuliwa waziri mdogo — katika wizara ile ile aliyoiuliza! Walimu waliruka. Mwalimu Kageha wa darasa la tatu alipiga vigelegele, chai ikamwagika juu ya madaftari. Nami nikapiga makofi. Mikono ilijipigia yenyewe.

Baadaye nilimfuata Mzee Absalom. Na swali letu?

"Mwalimu, mtu wa Serikali hawezi uliza Serikali. Hiyo swali imekufa."

"Si mbunge mwingine aiulize?"

"Nani? Ameona mwenzake amepewa gari, sasa yeye atafute shida?"

Kisha akaniambia nitayarishe kwaya. Mheshimiwa anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kushukuru watu wake. Nikasema sawa. Nilipaswa kukasirika. Nilihisi usingizi tu.

Jumanne, 3 Novemba
Mazoezi. Sauti ya pili bado inayumba. Nimetunga ubeti wa kumshukuru mheshimiwa kwa kuwasikiliza wanyonge. Unaimbika vizuri sana. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumamosi, 7 Novemba
Uwanja ulifurika. Akina mama wa ufuoni walimletea samaki wa ngege beseni zima, wabichi kabisa, wengine bado wanarukaruka. Watoto waliimba bila kosa. Mheshimiwa mwenyewe alishuka jukwaani kutusalimia — suti mpya, jasho jingi. Aliponipa mkono niliung'ang'ania.

"Mheshimiwa, Dalmas yuko hai?"

Tabasamu halikuondoka. Aliinama kidogo.

"Mwalimu, hiyo ni maneno nzito. Niletee kwa maandishi."

Akaacha mkono wake ndani ya wangu mpaka mpiga picha alipomaliza. Nyuma yangu watoto wakaanza ubeti wa pili bila mimi.

Nimerudi nyumbani. Sijavua hata viatu. Nimechukua karatasi ya mistari, nikaandika "Mheshimiwa Waziri Mdogo", kisha swali, moja kwa moja. Safia akachungulia, akaguna. Hapana, dada. Wakubwa hawasomi barua isiyo na pongezi. Anza na cheo chake, sifu kazi yake, taja wimbo wa watoto, halafu ndipo uombe.

Anasema kweli. Nimechana ile ya kwanza. Nampongeza kwa niaba ya walimu. Kwa niaba ya wazazi. Kwa niaba ya akina mama wa ufuoni na ngege wao. Maneno yanakuja yenyewe, mwandiko mzuri kabisa. Nimegeuza ukurasa, na bado sijafika kwa Dalmas.