Maji Niliyoyachemsha Mwenyewe

Wodi ya Watoto,
Minnesota Kaskazini.
Jumanne, 22 Agosti 2023.

Mpendwa Dada Marjaana,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Arizona, wewe, shemeji Curtis na mapacha. Joto la huko mnalivumiliaje? Na mgongo wako je, umepata nafuu? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi nimeusahau. Kichanga nimemwacha kwa mama mkwe. Mume wangu Joel yuko mgodini, atakuja akitoka zamu.

Naandika nikiwa kando ya kitanda cha Elsi wangu. Kwa simu ningelia tu, nisifike mwisho. Yu hai, Dada. Nalitanguliza hilo.

Jumamosi tulikwenda kwa Baba ziwani kuoga mvuke kwenye sauna yake kama kawaida. Upepo ulikuwa umekufa, na maji ya ziwa yalikuwa ya kijani, mazito, kama mtu kamwaga rangi ya mlango. Nikamkataza Elsi kuruka majini. Baba akanicheka: "Wee Senja, umekuwa mtu wa mjini lini? Nyie nimewakuza kwa maji haya haya, mbona hamkufa?" Nikamwambia, "Baba, leo mtoto haogelei. Basi." Akanung'unika tu. Nikajiona mama hodari.

Sasa sikiliza kosa langu. Pampu ya kisima imeharibika tangu Julai, kwa hiyo Baba alichota ziwani, akiusukuma ule utando wa kijani kando kwa kata, akajaza tangi la jiko la sauna. Maji yalichemka mpaka mfuniko ukacheza. Tulipotoka, Elsi alikuwa na kiu kali. Nikamchanganyia sharubati yake kwa maji ya tangi, nikayapooza kikombe kwa kikombe. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Si yamechemka? Si ndivyo marehemu Mama alivyotufundisha, maji ya ziwa huyanywi mpaka uyachemshe?

Halli, yule mbwa mzee wa Baba, alilamba yaliyobaki kwenye ndoo ya kuchotea. Kabla hatujakaa mezani miguu ilianza kumtetemeka, akaanguka kwenye ngazi, akafa. Elsi alisimama akimtazama. Kisha naye akainama akatapika, akatapika tena, mpaka hakuna kilichotoka.

Daktari aliniuliza kila alichokula. Nilipotaja maji ya kuchemsha aliweka kalamu chini. "Mama, moto unaua vijidudu," alisema. "Sumu ya mwani huu haifi kwa moto. Maji yanapungua, yenyewe inabaki pale pale." Kwa hiyo sikumsafishia mwanangu maji, Dada. Dawa ya kuitoa hakuna. Wanamtundikia dripu, wanampima ini kila siku, nasi tunasubiri. Vipimo vya Jumapili vilikuwa vibaya, na vya jana vibaya zaidi. Kila nesi akiingia na karatasi, nasimama kabla hajasema.

Baba hataki ujue. Jana alikuja na kofia mkononi, akaninong'oneza: "Mwandikie ni tumbo tu. Akijua ukweli hatakuja, na mimi nina Septemba ngapi zilizobaki?" Nilimhurumia, maana hakuthubutu kumgusa Elsi. Lakini sitadanganya kwa ajili yake.

Kwa hiyo nakuomba, ingawa wewe ndiye mkubwa, unisikilize mimi mdogo wako. Mkija Sikukuu ya Wafanyakazi Septemba hii, fikieni kwangu mjini. Mapacha wasitie mguu ziwani, wasiingie kwenye ile sauna, hata mvuke wa maji yale wasiuvute. Baba akikupigia kukuambia maji yametakata, usimwamini. Hata mimi nikikuambia yanaonekana safi, usiniamini. Waulize watu wa afya waliokuja kuyachota kwenye chupa wakayapime.

Nilikuwa nimeiacha barua hapo, nesi akaingia. Vipimo vya leo vina nafuu, kidogo tu. Amesema nisishangilie bado, kesho watamtoa damu tena.

Elsi ameamka akitaka maji. Nimemimina kutoka kwenye jagi la hospitali, nikamsogezea. Akageuza uso ukutani. "Sitaki ya kwako, Mama. Nipe ya nesi." Sikumlazimisha. Nimekunywa kwanza mimi, taratibu, naye kanikodolea macho kooni. Amesubiri kitambo kirefu, kuona kama nitaanguka. Ndipo akanyoosha mkono.

Nisalimie Curtis, uwabusu mapacha, na umfikishie shangazi Lempi heshima zangu. Mungu awafunike nyote, na maji ya nyumbani kwenu yawe ya uzima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Senja