Namba Alizosomewa Blandina

Same,
Jumamosi, 20 Julai 2024

Dada yangu mpendwa Eliwaza,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba hata kabla hujavaa miwani. Vipi goti? Vipi kahawa, na yule ng'ombe mwenye maringo anayekataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa wewe? Nasikia huko Shighatini baridi imewashika kisawasawa. Huku kwetu ni upepo na vumbi tu, ukifungua mdomo unatafuna mchanga. Mimi sijambo, kwa kusema. Mwili upo, ila nimechoka, dada. Nimechoka mpaka kulala hakunisaidii.

Ningepiga simu, lakini kwa sikio lako lile itabidi nipige kelele mpaka mtaa mzima ujue habari zangu. Ndiyo maana nimemwomba Rodgers wa duka la mbegu akuletee karatasi hizi. Kesho anapandisha huko kwenu Ugweno.

Habari zenyewe ni za kazini. Unajua mwaka huu natimiza miaka ishirini na mitatu nikiwa mkutubi hapa chuoni, na nilikuhadithia jinsi vitabu vyetu vilivyokuwa vikikaa: kila shehena ya msaada na kabati lake, vilevile ilivyoshushwa kwenye maboksi. Mwanafunzi akitaka kitabu cha udongo ananiuliza mimi, namwambia kile chekundu, kabati la tatu, chini, upande wa dirisha. Nikiugua, basi, siku hiyo hasomi mtu. Nilikuwa najisifu kwa hilo, sikufichi. Mwaka jana akaja mkuu mpya wa maktaba, Daktari Tumainieli, akasema maktaba haiwezi kukaa kichwani mwa mtu mmoja. Kila kitabu kipewe namba kufuatana na somo lake, ibandikwe mgongoni, ili mtu aangalie kompyuta, aende akakichukue mwenyewe. Niliudhika sana, lakini alikuwa sahihi.

Tukaanza Februari, mimi na Blandina, binti kutoka kijiji cha Bendera aliyepo hapa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mama yake na mtoto wake wanakula kwa kazi hiyo. Tuligawana hivi: mimi nasoma namba kwenye orodha, iliyochapwa kwa maandishi madogo kama ulezi, yeye anaandika kwenye karatasi ya gundi na kubandika. Vitabu elfu nne na ushee, asubuhi hadi jioni, namba juu ya namba.

Juni tukamaliza, wanafunzi wakaanza kutafuta. Jamani! Mmoja aliyetoka Ndungu alitaka kitabu cha mpunga. Kompyuta ikamwelekeza mia sita thelathini na tatu, akafika akakuta hakipo. Kumbe kimeandikwa mia tatu thelathini na tatu, kimekaa na vitabu vya migogoro ya ardhi. Ufugaji nyuki ukaonekana kwenye uchumi. Magonjwa ya ng'ombe yakakutwa pamoja na kodi za serikali. Karibu vitabu mia tano vimepotea humohumo ndani, na watu wa mwaka wa mwisho wana tafiti za kuandika. Zamani angalau walikuwa na mimi. Sasa hata mimi sijui vilipo.

Daktari akatuita, akauliza mwandiko ule ni wa nani. Ni wa Blandina, mwandiko mzuri wa mviringo, hauna ubishi. Blandina akasema aliandika alichosomewa. Kisha akanitazama, akaongeza kwamba Mzee Prosper hawezi kukosea, labda yeye ndiye aliyesikia vibaya. Mimi nikakohoa, nikatazama sakafu. Wiki iliyopita akapewa barua: mkataba hautaongezwa, sababu ni uzembe. Unaisha tarehe thelathini na moja.

Sasa nisikilize, dada. Blandina hakusikia vibaya. Ni mimi niliyesoma vibaya. Tangu mwaka juzi naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Sita, tatu na nane kwangu ni kitu kimoja, nilikuwa nakisia tu. Ni macho ya baba haya. Unakumbuka alivyokuwa kanisani akisubiri mtu aongee kwanza ndipo amsalimie, sisi tukadhani ni madaha ya uzee. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, nikaogopa kurudishwa nyumbani kukaa barazani kama yeye. Nikaona heri aondoke binti wa watu. Ndivyo nilivyowaza, kwa maneno hayohayo, na naona aibu mbele yako. Wewe na wanao nendeni mkapimwe presha ya macho, msingoje kama mimi.

Na barua hii siiandiki mimi. Mstari siwezi tena kuufuata. Nilimwomba Blandina anisaidie kumwandikia dada yangu salamu, akakubali, na barua yake ya kuachishwa kazi ikiwa humo mkobani mwake. Kumwambia usoni nilishindwa wiki nzima. Tulipofika pale pa kusema hakusikia vibaya, kalamu ilisimama. Nikasikia kiti kinasogea, nikajua anaondoka. Nikamwambia aandike, aandike hivyohivyo ninavyosema. Kiti kikarudi mezani, kisha nikasikia kalamu inatembea tena. Jumatatu nakwenda kwa Daktari kuyasema haya.

Nisalimie kaka Eliamini na mkewe, na wanakwaya wote wanaonikumbuka. Ukipiga magoti kwa goti hilo bovu, usiniombee macho. Niombee nisigeuze njia Jumatatu asubuhi.

Ni mimi mdogo wako,
Prosper

Mama Eliwaza, shikamoo. Mimi ni Blandina. Nimeandika kama alivyosema, sikupunguza wala kuongeza. Sijamsamehe. Lakini ofisi ya Daktari iko ghorofani, na yeye ngazi zile hazioni, kwa hiyo Jumatatu nitamshika mkono.