Mzee Aliyeshika Mlango

Rungwa

Kaka Elisha,

Shikamoo. Huku tu wazima, alizeti imekubali, na kuku wako mweupe ametotoa tisa.

Nimekuandikia mara tatu chini ya katuni yako mtandaoni, hujibu. Ndiyo maana nampa kondakta karatasi hii. Kaka, unatutesa! Kila Ijumaa namsomea Mama sehemu mpya kwenye simu yangu. Yule mzee aliyepotea porini akitundika mizinga ya nyuki alirudi wiki ya sita, akashika mlango. Leo wiki ya kumi na moja, bado ameushika tu. Mara unachora paa, mara mbwa, mara mvua. Kwa nini haingii? Alikuwa wapi?

Mimi najua ni hadithi. Mama hajui. Amelitambua koti la Baba, lile lenye kiraka cha bluu, na anasema usingelichora kama hujamwona. Miaka minne tangu Baba apotee, amekataa tukae matanga. Sasa amefua shuka za Baba, na amekataza mlango ufungwe komeo.

Nilitaka kukuomba umfute huyo mzee. Nimeshindwa. Hata Mama akisahau kukataza, na mimi siufungi mlango.

Mdogo wako,
Aneth