Sikio Kwenye Mti

Nyumba ile ile,
Nyuma ya stoo ya mbao.
Alhamisi jioni.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Hamjambo wewe na shemeji? Ule mguu bado unakusumbua ukipanda ngazi? Mimi mzima, ila nyumba imenizidi ukubwa. Tangu binti yangu aolewe, nikiweka kijiko mezani mlio wake unafika mpaka chumbani.

Upweke huo ndio umenipeleka kujitolea kutembeza wageni kwenye msitu wa pembeni mwa mji. Usicheke. Mimi, niliyekuwa sijui kutofautisha kunguru na kuku!

Anayetufundisha ni bwana misitu mmoja mstaafu, tumembatiza Taratibu. Anasema mgeni ukimtajia miti ishirini, anafika getini kasahau yote. Mpe kitu kimoja akiguse, halafu mwambie kinakuhusu nini wewe.

Hapo ndipo nilipoharibu, dada.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya majaribio. Tukafika kwenye mti mkavu wenye tundu la kigong'ota, yule ndege anayegonga miti. Nikawaambia wageni waweke sikio kwenye gome. Kisha nikasimulia jinsi baba alivyokuwa akiniamsha alfajiri, akinishika mkono mpaka kwenye mti wa uani, tuwasikilize makinda wakilia ndani.

Eti mimi! Wakati ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa najifunika shuka na kuwaita wewe na baba vichaa wawili.

Wageni wakasogea karibu. Taratibu mwenyewe akaitikia kwa kichwa. Nami kichwa kikavimba. Mara mama mmoja mwenye fimbo akauliza, "Sasa baba yako alikwambia nini, mlipowasikia?"

Njia ya mwongo fupi. Nikasema nimesahau. Akanipapasa bega: "Pole, mwanangu. Utotoni hatujui thamani." Bora angenitukana.

Sikusahau, dada. Sikuwepo. Na kuna jambo hulijui: kila alfajiri, kabla hajaja kwako, baba alikuwa ananigusa mguu mimi kwanza. Nilikuwa macho. Najifanya nakoroma.

Nimeshamwambia Taratibu ukweli. Hakunigombeza, kasema tu, "Basi kasimulie hiyo ya shuka." Jumamosi ya wiki ijayo nitaisimulia hiyo, na nitasema makinda walikuwa wa dada yangu. Ukikataa, nipigie simu, nitaupita ule mti kimya.

Lakini nisaidie kitu kimoja. Baba alikuwa anasema nini, mkishawasikia? Sio kwa ajili ya wageni. Nataka kujua mimi.

Jana nilienda peke yangu, nikaweka sikio. Makinda wamo. Nikakaa hivyo hivyo, nimeinama, kama vile kuna mtu nyuma yangu atasema neno.

Nisalimie shemeji, wanao wote, na shangazi, hata kama bado amenuna. Mungu auponye mguu wako na awalinde mlipo.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, yule wa shuka