Harusi yangu na makaburi kwenye diski moja

Alhamisi, alasiri. Jua kali, upepo hakuna, na mimi situlii hata kwenye kiti changu mwenyewe.

Tangu gesi ipatikane huko baharini, kila mtu hapa Tungue, Msumbiji, ana lake la kumhangaisha. Langu ni diski. Binamu yangu Amade anavuka mto Rovuma kesho alfajiri kwenda Mtwara, kwa mama, na diski tupu ya video imebaki moja. Inabeba gigabaiti nne na ushee. Nina harusi yangu, saa mbili na nusu, ambayo mama hakuhudhuria kwa sababu ya miguu yake. Nina pia saa nzima ya video niliyopiga makaburini kwetu, kabla watu wa projecto, mradi wa gesi, hawajazungusha uzio. Wanasema makaburi yatahamishwa. Mama hatapaona tena.

Nilijiona fundi. Kwenye harusi watu wanacheza, nikasema, picha inataka nafasi. Makaburini hakuna kinachotikisika, pabanwe tu, ubora upungue. Harusi nikaipa karibu diski yote, makaburi nikayabana mpaka mwisho.

Nakiri pia kwamba kwenye harusi nimependeza.

Mchana akaja Mama Mkubwa Somoe, dada yake mama, kuangalia kabla sijaichoma diski, yaani kuzinakili picha humo. Makaburi yetu hayana maandishi. Ni jiwe dogo la tumbawe kichwani, jingine miguuni, basi. Aliisogelea kompyuta mpaka pua ikakaribia kioo.

"Baba yuko wapi hapa? Naona mchanga mtupu."

Nikaangalia vizuri. Mawe meupe juu ya mchanga mweupe, na kamera ilikuwa ikitikisika nikitembea. Kompyuta imevipaka vyote rangi moja. Babu amefutika, na aliyemfuta ni mimi.

Nikageuza: makaburi yapate nafasi, harusi ibanwe. Nyuso za wageni zikawa kama uji uliomwagika. Hata bibi harusi hatambuliki. Nimejaribu vipimo vingine mara nne, kila mara nasubiri, nainuka, nakaa, nainuka tena. Hakuna njia ya katikati.

Mwishowe nikampigia mama achague. Nilitaka aseme harusi, sitaficha.

"Harusi utanihadithia, mwanangu. Baba nionyeshe."

Kwa hiyo nimeikata harusi. Zimebaki dakika kumi, mke wangu akiingia. Ameninunia, na ana haki.

Kisha nimeyatazama makaburi kwa ubora wote. Mawe yanahesabika. Nimeona na kitu ambacho siku ile, jicho likiwa kwenye kamera, hakikunishtua. Mama Mkubwa anasimama kando ya babu, anainama, anang'oa majani kwenye nafasi ya mtu mmoja. Jiwe kichwani lipo, la miguuni lipo. Katikati mchanga haujawahi kufukuliwa.

Nimemuuliza pale ni pa nani.

Ni pa mama. Alipachagua mwenyewe babu alipozikwa, akayaweka yale mawe kwa mkono wake, na dada yake amekuwa akimpalilia miaka yote hii.

Kesho mama atakaa mbele ya televisheni na atapaona, safi kabisa, hata majani. Kuhusu uzio, na kwamba makaburi yatahamishwa, hatujamwambia.

Diski iko tayari, bado ina joto. Nimpe Amade?